Rangi ya Jumamosi, Nywele za Miaka Mitatu

Binti wa Galula, mji mdogo wa Bonde la Rukwa nchini Tanzania, anayemaliza kidato cha nne mwezi Novemba anatoka shuleni na kichwa kilichonyolewa. Shule nyingi za serikali hazina mjadala kwenye jambo hilo: nywele fupi, basi. Miaka saba ya msingi na minne ya sekondari, msusi hakuwa na kazi naye, labda likizo, na hata za likizo zilinyolewa shule ilipokaribia kufunguliwa. Nywele anazoanza kuzifuga baada ya mtihani wa mwisho ndizo za kwanza kuwa zake kweli. Zikishafika mabegani na harusi ya dada yake ikatangazwa, hamu ya kuzipaka rangi inaeleweka. Anataka nyekundu, au dhahabu, au ile ya divai ambayo wasusi wanaiita bagandi.

Anaitaka kwa Jumamosi moja tu. Jumatatu anarudi dukani, chuoni au kwenye ofisi ambayo bosi wake hapendi mbwembwe, na angependa nywele zirudi kama zilivyokuwa, nyeusi na nzima. Hapo ndipo biashara ya urembo inapomchanganya. Kwenye rafu moja kuna chupa na visanduku vyenye picha ya mwanamke yuleyule anayetabasamu. Kimoja kinaondoka kwa maji na sabuni, kingine kitakaa miezi, cha tatu hakitaondoka mpaka mkasi upite. Maandishi ya kuvitofautisha ni madogo, na mara nyingi yako kwa lugha ambayo mnunuzi hakufundishwa darasani.

Hoja ya makala haya ni kwamba watu wa Afrika Mashariki walikwisha kupata jibu la swali hili zamani, na jibu lenyewe halimo chupani. Rangi ya muda isiyoharibu nywele ndefu ni ile isiyoingia ndani ya unywele. Inakaa juu yake, au inakaa pembeni yake. Inayoingia ndani si ya muda, hata kisanduku kiandike nini.

Urefu wa nywele una hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayofanya makosa yawe ghali. Mwaka 2001 mtafiti Geneviève Loussouarn alichapisha vipimo vya nywele za vijana wenye asili ya Afrika waliokuwa wakiishi Ufaransa, na akazilinganisha na za Wazungu. Za Waafrika zilikua kwa wastani wa mikromita 256 kwa siku, za Wazungu 396. Ukipiga hesabu, hizo 256 ni milimita zipatazo 8 kwa mwezi, sentimita 9 na ushei kwa mwaka. Unywele wa sentimita 30, unaogusa mabega ukinyooshwa, una umri wa zaidi ya miaka mitatu pale kwenye ncha. Ncha hiyo imechanwa mara elfu, imesukwa na kufumuliwa, imepigwa jua la Bonde la Rukwa na imefungwa vilemba. Haina damu wala mshipa. Ikijeruhiwa haiponi, kwa sababu unywele ulio hai uko chini ya ngozi tu. Mafuta ya nazi na stimingi vitaufanya ulale vizuri na ung'ae, lakini havitarudisha kilichovunjika.

Kila unywele una ganda la nje lililopangwa kama vigae vya paa, kimoja kikilalia kingine. Ndani ya ganda ndiko kwenye mwili wa unywele, protini iitwayo keratini, na ndimo zilimo chembe za melanini zinazoupa weusi wake. Dawa za rangi zinatofautiana kwa jinsi zinavyopita au kutopita kwenye vigae hivyo.

Rangi ya muda ya kweli ina molekuli kubwa au unga wa rangi usioweza kupita. Inabaki juu ya ganda, na shampuu ya kwanza inaiondoa. Humo zimo chaki za nywele, nta za rangi, dawa za kupuliza na ile brashi ndogo inayofanana na wanja wa kope. Inayofuata huingia kidogo kwenye ganda bila kulifungua kwa nguvu, nayo hufifia baada ya kuosha mara sita mpaka kumi na mbili hivi. Halafu kuna rangi za kudumu. Hizi hutumia amonia au kitu cha jamii yake kufungua vigae, na peroksaidi ya hidrojeni kuunguza melanini iliyomo na kuunda rangi mpya ndani kwa ndani. Aliyezifanya kuwa biashara ya dunia ni mkemia Mfaransa Eugène Schueller, aliyetengeneza rangi yake mwaka 1907 na miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni inayojulikana leo kama L'Oréal.

Kipimo kile cha kuosha mara sita mpaka kumi na mbili kinastahili kuangaliwa kwa makini na msomaji wa huku. Kiliandikwa kwa ajili ya mwanamke anayeosha nywele kila baada ya siku mbili tatu. Mwanamke mwenye nywele za kipilipili, anayesuka na kuosha kila baada ya wiki mbili, atakuwa na rangi hiyo kwa miezi mitatu mpaka karibu sita. Na kama nywele zimewekwa dawa ya kulainisha, ganda lake lilishaachia, kwa hiyo rangi inazama zaidi kuliko kisanduku kilivyoahidi. Wapo walioosha na kuosha wakashangaa bagandi haitoki. Ilikuwa rangi ya muda kwa nywele za mtu mwingine.

Lipo na tatizo ambalo matangazo hulikwepa. Rangi inayokaa juu haionekani sana kwenye unywele mweusi tii. Nyekundu ya bei nafuu inakuwa kivuli cha wekundu ambacho mtu anakiona akisimama juani, na bluu haionekani kabisa. Ndiyo maana mtu anayetaka dhahabu huambiwa kwanza apigwe bilichi, na hapo ndipo safari ya Jumamosi moja inapogeuka kuwa ya miaka mitatu.

Bilichi haipaki kitu, inaondoa. Peroksaidi ya saluni hupimwa kwa namba: 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12. Ikichanganywa na unga wa bilichi inapita kwenye vigae na kuteketeza melanini, na unywele mweusi unapita wekundu, kisha rangi ya chungwa, ndipo ufike kwenye umanjano. Dhahabu iko mwishoni kabisa mwa njia hiyo. Wakati melanini inaungua, viungo vya salfa vinavyoshikilia keratini navyo vinaungua, na hivyo havirudi. Dawa za kulainisha zenye sodiamu hidroksaidi, ambazo ualkali wake kwa kipimo cha pH unapita 12, hushambulia viungo hivyohivyo. Mtu akiweka dawa Alhamisi na bilichi Ijumaa ili awahi harusi, nywele hazitasubiri mpaka Jumatatu. Zitabaki kwenye kitana. Wataalamu hushauri angalau wiki mbili kati ya shughuli hizo mbili, na msusi mwenye heshima ya kazi yake hukataa kabisa kupiga bilichi nywele ndefu zenye dawa. Kukataa huko kunamnyima fedha ya siku, na wateja wangepaswa kumthamini zaidi kwa ajili hiyo.

Sasa tuache saluni tuende malishoni. Morani wa Kimasai na wa Kisamburu ni miongoni mwa wanaume wachache duniani waliofuga nywele ndefu kwa utaratibu, wakazipaka rangi kwa utaratibu, na wakaja kuziondoa kwa utaratibu. Nywele husokotwa nyuzi nyembamba, hushushwa mgongoni, kisha hupakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya mnyama. Udongo huo wekundu wake ni wa chuma, yaani oksaidi ya chuma, kitu kilekile kinachoifanya kutu iwe nyekundu. Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, ambako umeme wa mvuke wa ardhini umezalishwa tangu 1981, ni sehemu mojawapo iliyojulikana kwa udongo huo muda mrefu kabla ya mitambo kufika.

Mkemia hana la kulaumu hapo. Chembe za chuma hazijibizani na keratini. Zinakaa juu zikishikwa na mafuta, na mafuta yenyewe yanaukinga unywele na ukavu. Hakuna kilichofunguliwa, hakuna kilichounguzwa. Rangi ikififia inapakwa nyingine. Na siku ya Eunoto, sherehe ya kuvuka kutoka ujana wa vita kwenda utu uzima, mama humnyoa mwanawe nywele zote, za rangi na zisizo za rangi. Wahimba wa kaskazini mwa Namibia, maelfu ya kilomita kutoka huko, hutumia mchanganyiko wa namna hiyohiyo kwenye nywele na ngozi, siagi na udongo mwekundu, na wanawake wao wana misokoto mirefu ya kutamanisha.

Ustadi wa vidole vya morani haukubaki malishoni. Dar es Salaam na Zanzibar, kijana wa Kimasai anayesuka wanawake ni sura ya kawaida mtaani, rubega mwilini, kitana mkononi, paketi za rasta zimeninginia. Wateja huwasifu kwa misuko myembamba iliyolingana. Alichokuja nacho ni mikono. Rangi ameikuta kiwandani.

Rasta ndiyo jibu ambalo Galula inalitumia kila wiki bila kuliita jibu. Mji huo mdogo uko bondeni, Wilaya ya Songwe, kwenye barabara inayotoka Mbalizi kwenda Mkwajuni, Mto Songwe ukipita jirani kuelekea Ziwa Rukwa. Msusi wa sehemu kama hiyo hahitaji draya wala beseni la kulaza shingo. Anahitaji kivuli, kigoda, kitana cha mkia, jagi la maji ya moto na rasta. Mteja anachagua rangi kwa namba kama mtu anayechagua kiatu. Namba 1 ni nyeusi tii, 1B ni nyeusi iliyopoa, 27 ni ya asali, 33 ni ya kahawia yenye wekundu, 99J ni ya divai. Zipo nyeusi juu na dhahabu chini, zipo bluu na zambarau kwa wenye moyo. Saa tano au sita baadaye binti ana nywele za kiunoni zenye rangi ambayo bilichi ingemtoza nusu ya kichwa kuipata, na nywele zake mwenyewe zimelala humo ndani, nyeusi, hazijaguswa na dawa yoyote.

Nyuzi hizo zina historia yake. Kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kutengeneza Kanekalon mwaka 1957, nyuzi za kemikali ambazo baadaye zikawa malighafi kubwa ya mawigi na rasta za Kiafrika. Rangi hutiwa kiwandani wakati nyuzi zinatengenezwa, ndiyo maana haitoki ikioshwa wala haichafui mto. Hata ule mwisho wa kazi ambao kila mwanamke aliyesuka anaujua, ncha kuchovywa kwenye maji ya moto ili zisifumuke, unawezekana kwa sababu nyuzi ni za plastiki na joto huzilegeza zikajipanga upya. Msusi makini humfunika mteja taulo shingoni na mgongoni kabla ya jagi kusogea. Asiyefunika akimbiwe.

Wigi linafanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi, na la nywele za binadamu linaweza kupigwa bilichi mpaka mwenyewe achoke; likiharibika limeharibika wigi. Serikali nayo iliona nywele za bandia zimekuwa jambo kubwa. Juni 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazoingizwa nchini na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa hapa. Mitandao ilichangamka wiki nzima. Wanaume wengine walishangilia kana kwamba wamerudishiwa mahari, wakidai sasa wanawake watarudi kwenye uasilia. Hoja hiyo ilikuwa nyepesi. Mwanamke anayenyimwa rasta namba 27 haachi kuitaka dhahabu, ila anaitafuta kwenye unga wa bilichi, ambao uasilia wake ni mdogo zaidi.

Hata hivyo rasta nayo ina deni, na anayeitetea lazima alitaje. Deni la kwanza ni mvuto. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa vichwa vya watu wazima, na karibu theluthi moja ya wanawake walikutwa na upara unaotokana na kuvutwa kwa nywele. Unaanzia mbele, pembeni mwa paji la uso, palepale ambapo msusi hubana ili laini zionekane. Ukigundulika mapema nywele hurudi. Ukiachwa miaka, mizizi hufa na ngozi inabaki laini inayong'aa. Kwa hiyo rasta ndefu nzito ya harusini isikae kichwani miezi minne kwa kuwa tu bado inapendeza. Wiki sita, nane kwa wingi, kisha ifumuliwe na kichwa kipumzike. Mtindo wa kuanza na nywele za mtu mwenyewe kisha rasta ikaongezwa kidogo kidogo, bila fundo, hupunguza mzigo pale kwenye mzizi. Maumivu yanayomfanya mtu anywe panadol usiku wa kusuka yamezoeleka mpaka yamekuwa utani, nayo ni dalili ya kwanza ya upara huo. Binti ana haki ya kumwambia msusi, hata awe dada au shangazi yake, "Dada, legeza hapo mbele," na dada hapaswi kununa.

Deni la pili ni jipya zaidi. Februari 2025, jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, lilitoa matokeo ya kupima bidhaa 10 za rasta za bandia zinazopendwa huko. Zote 10 zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na 9 zilikuwa na madini ya risasi. Kiasi kinachoingia mwilini kupitia ngozi, au kwa kuvuta mvuke wa maji ya moto, ni suala linalohitaji utafiti zaidi. Desturi ya wasusi wengi ya kuloweka rasta mpya kwenye maji na siki kabla ya kuisuka, kisha kuisuuza na kuianika, inaondoa sehemu ya kile kipako kinachowasha kichwani, lakini siki haiwezi kuondoa risasi iliyomo ndani ya uzi.

Wako watakaosema basi turudi kwenye hina, ya bibi, ya mti. Hina ni nzuri. Majani ya mhina yana kiasi cha asilimia moja hadi mbili cha kitu kiitwacho losoni, ambacho hujishika na keratini na kutoa rangi ya chungwa mpaka wekundu wa udongo. Haiunguzi melanini wala haivunji viungo vya salfa. Wazee wa pwani wameipaka ndevuni vizazi na vizazi na ndevu ziko palepale. Lakini si ya muda. Hina ikishashika unywele haitoki mpaka unywele wenyewe utoke, na anayeipaka kwa ajili ya Jumamosi ajue ataiona mpaka ncha hizo zikatwe. Zaidi ya hapo, baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la hina una chumvi za madini zilizoongezwa ili kubadili rangi. Nywele zilizopakwa huo zikikutana na peroksaidi baadaye zinaweza kupata moto mkononi mwa msusi.

Na piko si hina, ingawa vinauzwa meza moja. Ule weusi wa haraka unaopendwa na maharusi wa Zanzibar na Mombasa mara nyingi hutokana na PPD, kirefu chake parafenilinidiamini, kemikali ya rangi za kudumu za nywele. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu isizidi asilimia 2 katika rangi inapofika kichwani, na haziruhusu kabisa kuichora kwenye ngozi. Unga unaochanganywa kwa kukadiria kwenye kibakuli hauna asilimia inayojulikana. Mtu anaweza kuupaka mara tano salama, mara ya sita ngozi ikavimba na kutoa malengelenge. Mwili ukishaikataa PPD huikataa maisha yote, na rangi nyingi za kudumu za saluni zitakuwa haramu kwake tangu siku hiyo. Ndiyo sababu ya lile sharti linalopuuzwa la kupaka tone nyuma ya sikio na kusubiri saa 48.

Ikimezwa inaua. Madaktari wa Khartoum waliandika mwaka 1983 kuhusu wagonjwa waliofeli figo baada ya kuinywa, na mwaka 1992 taarifa nyingine ya mji huohuo ilieleza watoto 31 waliodhuriwa na mchanganyiko wa hina na PPD, ambao 13 kati yao walifariki ndani ya saa 24 tangu wafikishwe hospitalini. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haifai kuwa na kibakuli cha piko kilichoachwa chini ya kitanda.

Zinabaki zile nta na chaki, ambazo sasa zinapatikana Kariakoo na kwa wauzaji wa mtandaoni, kopo dogo kwa rangi moja. Kwa nywele za asili ndefu hizi ndizo rangi za muda zilizo salama zaidi kati ya za kupaka, na nta ina faida ya kuonekana hata kwenye weusi kwa sababu unga wake hufunika badala ya kupenya. Kasoro yake ni joto. Mbozi kwenye ubaridi wa milimani nta inakaa siku nzima. Bondeni Galula, mchana wa Desemba, inaanza kulainika kabla maharusi hawajatoka kanisani, na kola ya shati jeupe la mpambe itasimulia. Wanaoitumia vizuri hupaka mafuta kidogo kwanza ili unga usishike moja kwa moja kwenye ganda kavu, huacha sentimita mbili za juu karibu na ngozi bila rangi ili jasho lisiishushe usoni, hupaka kwenye msokoto mmoja mmoja, husubiri ikauke, na hawapitishi kitana tena. Usiku wanalala na kilemba cha zamani. Siku ya pili wanaiosha kwa shampuu na maji ya uvuguvugu, na kinachofuata ni mafuta mengi, kwa kuwa nta na chaki hukausha. Chaki ikirudiwa kila wikiendi itakatisha ncha kwa ukavu tu, bila kemia yoyote.

Kwa wanaojiuliza kuhusu saratani, utafiti wa Marekani uitwao Sister Study, uliochapishwa Desemba 2019, ulifuatilia wanawake 46,709 ambao dada zao waliwahi kuugua saratani ya matiti. Waliotumia rangi za kudumu walikuwa na uwezekano wa kuugua uliozidi kwa asilimia 9 kuliko wasiotumia, na miongoni mwa wanawake weusi ongezeko lilikuwa asilimia 45. Kwa rangi za muda na zinazofifia, ongezeko lilikuwa dogo sana au halikuwepo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba rangi ndiyo iliyosababisha, lakini unatosha kumfanya mtu wa Jumamosi moja achague upande. Anayestahili wasiwasi zaidi ni msusi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya saluni na kinyozi kwenye kundi la kazi ambazo huenda zikasababisha saratani, huku likisema ushahidi kwa mteja wa kawaida hautoshi kuhukumu. Mteja anapaka mara nne kwa mwaka; msusi anavuta hewa ile kila siku, mara nyingi bila glovu, kwenye chumba chenye dirisha moja.

Haya yote yanairudisha hoja kwa mamlaka. Tangu Julai 2019 udhibiti wa vipodozi ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde. Rasta, peroksaidi na makopo ya rangi yanayouzwa Mkwajuni na Galula yanafika kwa njia mbili: kutoka Dar es Salaam kwa lori, au kwa kuvuka hapo Tunduma mkononi na begani. Kisanduku cha bilichi au cha rangi kinachoingia nchini kingepaswa kubeba mambo matatu kwa Kiswahili kwa herufi zinazosomeka: namba ya peroksaidi na asilimia yake, kama kina PPD au la, na kama rangi inaondoka kwa kuosha au haiondoki. Dawa ya mbu inaelezwa kwa Kiswahili. Dawa ya mahindi inaelezwa kwa Kiswahili. Dawa inayomiminwa kichwani kwa binti wa miaka kumi na minane inaachiwa picha ya tabasamu.

Kuhusu rasta zenyewe, vipimo vya Marekani vilifanywa kwa bidhaa za soko lao. TBS ina maabara Ubungo. Kununua paketi kumi Tunduma na kumi Kariakoo, kuzipima risasi na kemikali zile zilizotajwa, na kuyatangaza majibu kwa majina ya bidhaa, ni kazi inayoweza kuanza na kumalizika kabla ya harusi za Desemba.